Siku Sita Nilizoziruka

Amani, mpwa wa Mzee Yohana, alinipigia simu Jumanne nikiwa kwenye foleni ya kuingia kazini, Grand Prairie. Alisema, "Kaka Elia, Mzee ametuacha," kisha akaanza kunipa habari za matanga: Jumamosi, Houston, ukumbi wa kanisa lao, mje wote mliokaa naye Fort Worth. Nilijibu maneno ambayo mtu hujibu. Hao wote tuliokaa naye tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Neema. Jioni nilivuta sanduku lililo chini ya kitanda changu na kutoa daftari la mwaka ule, lenye jalada la bluu. Nimeandika madaftari mengi tangu nifike nchi hii, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la sita na niliogopa kwamba nisipoandika kila siku mkono utasahau. Mengine siyafungui. Hilo la bluu nimelifungua mara nyingi, na kila mara nasoma kurasa zile zile, na sijui kama ninatafuta kosa langu au ninatafuta namna ya kulipunguza.

Nyumba ile ilikuwa ya mbao, ya zamani sana, upande wa kusini wa Fort Worth, ina ghorofa moja juu na ngazi iliyolia kila ukikanyaga. Nyumba nyingi za Texas hupashwa joto kwa hewa inayopuliza kutoka kwenye matundu ya dari. Hii ilipashwa kwa maji. Katika chumba kidogo cha kufulia nyuma ya jiko kulikuwa na boila, mtambo wa kuchemshia maji, na kutoka hapo mabomba yalipeleka maji ya moto kwenye rejeta, yale mabamba mazito ya chuma yaliyosimama moja moja katika kila chumba, kisha yakarudisha maji yale yale kwenye boila yapate moto tena. Pembeni mwa boila palikuwa na geji, mfano wa saa ndogo yenye mshale mmoja. Mashine ikiwa imepoa, mshale unatakiwa kukaa kwenye kumi na mbili. Ukishuka sana, maji hayana nguvu ya kupanda ghorofani, boila inajizima yenyewe, na nyumba inakuwa friji. Haya yote niliambiwa na mwenye nyumba, Madam Wanjiru, nesi Mkenya aliyekuwa akikaa Carrollton na aliyenunua nyumba ile kwa jasho la zamu za hospitali. Alinisimamisha mbele ya geji mwezi wa kumi na moja, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi.

"Elia, wewe ndio uko serious kwa hii nyumba. Mshale ukishuka, fungua hiyo koki nyekundu, maji iingie mpaka ifike twelve, ufunge. Na uniandikie. Kila siku. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Ninakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwaka wangu wa pili Amerika, kazi yangu kubandika karatasi kwenye maboksi, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita serious tangu nishuke kwenye ndege. Kila siku saa tisa alasiri, nikitoka zamu ya asubuhi, kabla sijavua koti niliingia chumba cha boila nikaandika namba. Leo najua kosa la kwanza lilikuwa hapo, na hilo sijilaumu sana, maana hakuna aliyenifundisha. Saa tisa jua lilikuwa limeipasha nyumba, boila imelala. Nilikuwa namwona mgonjwa saa ile ile anapopata nafuu, halafu najiita daktari.

Tulikuwa wapangaji watatu, ukiacha watoto wawili wa Mama Neema. Mama Neema alikuwa akifanya kazi kiwanda cha kuku, mwanamke mnene wa sauti nyembamba, ambaye alipiga deki jikoni kila siku mpaka tukaona haya kupita na soksi. Mzee Yohana alikuwa na miaka karibu sitini. Kwetu, upande wa Uvira, alikuwa amefanya kazi ujana wake wote kwenye mashine za mvuke za kiwanda cha sukari, na hapa alikuwa akifagia shule. Chumba chake kilikuwa kando ya changu na bomba la rejeta lilipita kwenye ukuta wetu, kwa hiyo nilimsikia akisali, nilimsikia akikohoa, na nilimsikia akitoa upepo. Kutoa upepo ni hivi: maji yakichanganyika na hewa, rejeta inaguguma kama tumbo la mtoto na upande wa juu unabaki baridi. Mzee alikuwa na ufunguo mdogo wa shaba. Aliuingiza kwenye tundu la rejeta, akauzungusha robo, ikalia ssss, na maji ya rangi ya chai yakaanza kudondoka akayakinga kwa kikombe, akafunga. Alifanya vile chumba hadi chumba, taratibu, kama mtu anayewalaza wajukuu.

Baada ya Noeli mshale ulianza kushuka. Daftari linasema: tisa. Siku mbili mbele: saba. Halafu tano. Kila mara nilifungua koki nyekundu nikarudisha kumi na mbili. Nilitafuta palipovuja. Nilikata vipande vya karatasi ya choo nikaviweka chini ya maungio yote ya kila rejeta, juu na chini, na kesho yake nikavikagua kimoja kimoja kwa kidole. Vyote vikavu. Niliingia chumba cha boila nikapiga magoti, nikapapasa sakafu. Kavu. Nilimwuliza Mama Neema, aliyekuwa akichambua sombe, yale majani ya muhogo, mezani, kama ameona mahali popote palipolowa. "Palipolowa? Hapana, baba," akasema. "Hii nyumba nikiona mahali iko na maji chini, nitaacha?" Kama hakuna tone linaloanguka, nikawaza, basi maji yanatolewa. Na mtoaji nilikuwa namsikia ukutani.

Hapa niandike jambo ambalo Madam Wanjiru hakulijua, wala Mama Neema labda halikumbuki. Jioni moja mwezi wa pili nilikuwa kwenye ngazi nikishuka kwenda kula. Jikoni walikuwa wameshaketi, bugali ipo, ndakala wa kukaanga, wale dagaa wa kwetu, wapo, na nikasikia Mama Neema akiuliza, "Elia iko wapi?" Mzee Yohana akajibu, "Karani? Ameenda kusoma Injili yake. Injili kufuatana na Mshale Mtakatifu." Walicheka. Mama Neema alicheka mpaka akapiga meza. Ulikuwa utani tu, na utani mzuri, leo hii naandika huku natabasamu. Siku ile nilirudi juu nikalala bila kula. Mtu wa darasa la sita ukimwita karani, unamgusa mahali ambapo hapana ngozi. Wala sitaki kusema kwamba kicheko kile ndicho kilichonifanya nifanye nililofanya. Nasema tu kwamba kilikuja Alhamisi, na lile lingine likaja Jumapili.

Jumapili Madam Wanjiru alikuja baada ya kanisa. Boila ilikuwa imejizima mara mbili wiki ile, na mtoto mdogo wa Mama Neema alikuwa na kifua. Tulikula wali na nyama, yeye akiwa ameleta chapati za Kikenya zilizofungwa kwa taulo, na baada ya chai akaweka mikono mezani. "Sikieni. Mimi sina uwezo wa kubadilisha system nzima. Kama ni mashine, ni mashine. Lakini kama kuna mtu anaichezea, nataka kujua leo, ama nitaifunga hii nyumba niuze. Elia, soma."

Kwenye daftari, kutoka Noeli mpaka Jumapili ile, mshale ulikuwa umeshuka siku kumi na saba. Kando ya kila siku nilikuwa nimeandika kama jana yake nilimsikia Mzee akitoa upepo. Siku kumi na moja, ndiyo. Siku sita, hapana. Mojawapo ya hizo sita Mzee hakuwepo kabisa, alikuwa amelala Dallas kwa kilio cha watu wa kwao. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu, siwezi kusema sikuona. Nilisoma siku kumi na moja. Nilisoma polepole, tarehe na namba, na nilipofika kwenye moja ya zile sita nilipitisha kidole na kuendelea, na sauti yangu haikutetemeka. Nilipomaliza nikafunga daftari. Mzee Yohana alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Hizo ndizo siku zote, Elia?" akauliza.

"Ndizo zote, Mzee."

Aliniangalia kwa muda. Naamini alijua, lakini naweza kuwa naandika hivyo kwa sababu napenda adhabu. Akasema, "Mimi nilikuwa na mvuke kabla mama yako hajaolewa. Maji hayapotei, mwanangu. Maji yanaenda mahali. Utafute mahali." Akatoa ufunguo wa shaba mfukoni, akauweka kando ya bakuli la sukari. Madam Wanjiru alisema, "Mzee, hakuna mtu anakufukuza," na nina hakika alisema kwa moyo safi. Mzee alimshukuru kwa chapati. Wiki iliyofuata Amani alikuja na gari kutoka Houston, wakapakia mabegi mawili na godoro, na Mzee akaaga kila mtu kwa mkono, mimi pia. Mkono wake ulikuwa wa joto kama siku zote. Nilisimama barazani mpaka gari lilipokunja kona, nikarudi ndani nikaandika: kumi na mbili.

Siku mbili baadaye nikaandika saba. Kisha tano. Hakuna mtu aliyekuwa akitoa upepo sasa, na rejeta ziliguguma nyumba nzima, na vyumba vya juu vikawa baridi nusu. Nilijiambia ni madhara aliyoyaacha, yataisha. Niliandika hivyo kabisa: yataisha. Katikati ya mwezi wa tatu dada yake Mama Neema akajifungua Dallas, naye Mama Neema akachukua watoto wake akaenda kumwangalia kwa wiki moja. Siku ya tatu nilitoka kazini nikaingia chumba cha boila, na soksi zangu zikalowa.

Maji yalikuwa yametanda mpaka mlangoni. Nilivuta mashine ya kufulia, na nyuma yake, ukutani, nikakuta ndoo nyeupe imejaa mpaka inamwagika. Juu ya ndoo ile ulining'inia mdomo wa bomba jembamba linaloshuka kutoka kwenye koki ya usalama ya boila. Ndoo nilikuwa nimeiona. Nilipopiga magoti mwezi wa kwanza niliona ukingo wake ukichungulia. Lakini kwenye chumba cha kufulia cha mwanamke mwenye watoto, ndoo ni ndoo. Nilimpigia Mama Neema.

"Ile ndoo nyuma ya mashine ni ya nini?"

"Ya maji ya moto, baba. Ile tiyo, ile bomba ndogo, inatoaka asubuhi, nakinga, napigia deki. Nalowekea na mabuti ya kazi. Si ya kunywa, niko na akili."

"Tangu lini?"

"Tangu Noeli. Kwani iko nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Sauti yake ilianza kupanda. "Uliuliza kama kuna mahali palowa. Hapakulowa! Mimi nimepanga mstari na dumu kambini miaka kumi na mbili, nione maji ya moto inaanguka bure, niiache ilowanishe nyumba ya watu? Kila siku namwaga kabla sijaenda kazi. Elia, kwani iko nini?" Nikamwambia kwamba maji ya ndoo yake ndiyo yaliyokuwa yanapotea, yale niliyomsingizia Mzee. Nilisikia mtoto mchanga wa dada yake akilia nyuma, halafu simu ikakatika.

Fundi aliyeitwa na Madam Wanjiru hakuchukua hata saa moja. Juu ya boila palikuwa na tangi dogo jekundu ambalo sikuwahi kuliangalia. Alieleza kwamba maji yakipata moto hutanuka, na lile tangi lina mpira ndani na upepo nyuma yake, ili maji yapate pa kujisogeza. Alibonyeza kipini chake, kama kile cha tairi la gari, na badala ya upepo yakatoka maji. Mpira ulikuwa umepasuka. Kwa hiyo kila alfajiri boila ilipowaka kwa nguvu, mshale ulipanda mpaka juu kabisa, koki ya usalama ikafunguka na kumwaga, na mashine ilipopoa mshale ukaanguka. Mimi nikaja saa tisa nikaona umeanguka, nikajaza. Kisha nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, kuhusu upepo kwenye rejeta. Akasema maji mapya daima huingia na hewa, kila ukijaza unaingiza nyingine, na kama hakuna wa kuitoa nyumba haipati joto. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mzee hakuwa anasababisha mshale kushuka. Mimi, kwa koki yangu nyekundu, nilikuwa nasababisha Mzee azunguke na ufunguo wake, halafu nikamwandika kwamba amezunguka.

Nilienda kwa mchungaji wetu siku ile ile, hilo nijipe haki. Alisema ninavyojua na mimi: kwetu mzee haombwi msamaha kwa simu. Unaenda kwake kwa miguu yako, unaenda na shahidi, unaenda na kitu mkononi, unakaa chini kuliko yeye. Mchungaji alikubali kuwa shahidi. Tukapanga Pasaka, nikapewa zamu ya ziada. Tukapanga mwezi wa sita, gari lake likafa. Desturi ni nzuri, siilaumu, lakini nilijificha ndani yake. Ilinipa sababu ya heshima ya kutofanya jambo ambalo niliogopa kulifanya. Na simu nilimpigia, mara moja, mwezi wa nane, ya salamu tu. Tuliongea habari za joto la Houston, na magoti yake. Halafu akauliza, "Na mshale?"

"Umetulia kumi na mbili, Mzee. Mwenye nyumba alibadilisha tangi."

"Ah," akasema. "Tangi." Akangoja. Nilimsikia akipumua, akingoja. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na nikajiambia, si kwa simu, Elia, si kwa simu. Nikamwambia tutakuja kumwona. Akasema, "Karibuni, mwanangu, karibuni." Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: Nimeongea na Mzee, ni mzima. Miaka imepita kumi na mitatu. Houston ni saa nne na nusu kwa gari.

Jumamosi tulienda, mimi na Mama Neema, yeye akiwa na sufuria ya sombe mapajani njia nzima kwa sababu hakuamini buti la gari langu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Picha ya Mzee mbele, amevaa sweta. Baada ya chakula Amani alishika kipaza sauti na kusema, "Sasa tusikie ndugu zake wa Fort Worth. Mzee alikuwa anasema aliacha watu wazuri kule, alikimbia baridi tu. Kaka Elia." Kumbe kwa miaka yote ile ndivyo alivyowaambia. Hakunitaja. Nilisimama na daftari la bluu likiwa ndani ya koti, na watu karibu mia wakinitazama kwa wema, na nikasema ndiyo, baridi. Nikasema nyumba yetu ilikuwa na baridi hata maji ya kunawa yaliogopa kutoka. Walicheka. Nikasema Mzee alikuwa fundi, na alikuwa mvumilivu, na alitupenda. Nikaketi. Mama yake Amani, dada yake Mzee, akanipa mkono.

Tukirudi nyumbani, tulikuwa tumeshapita Huntsville ndipo Mama Neema alipofungua mdomo.

"Uliwaambia baridi."

"Yeye mwenyewe aliwaambia baridi, mama. Nimkane mzee mbele ya picha yake?"

"Yeye alikuwa na haki ya kusema baridi," akasema, akitazama mbele. "Wewe hukuwa nayo. Na mimi sikuwa nayo, lakini mimi hawakunipa kipaza."

Niliendesha maili nyingine mbili au tatu. Kisha nikatoka barabara kuu, nikazunguka chini ya daraja, nikarudi kusini. Tulipofika, sehemu kubwa ya magari ilikuwa imeondoka, viti vimepangwa ukutani. Nyuma, karibu na bomba la nje, walikuwepo Amani na mama yake na watu wengine watano, wanaosha masufuria. Amani aliinua kichwa. "Kaka Elia, mmesahau kitu?"

Niliwasomea siku zote kumi na saba, nikiwa nimesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa chini kuliko wao. Niliposoma zile sita nilitaja kila moja na kusema, hii niliiruka. Mama Neema alieleza ndoo yake. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia uongo wangu. Ukweli wangu waliusikia watu saba wenye mapovu mikononi. Mama yake Amani alikuwa ameacha kusugua. Alinitazama, akatazama daftari, akauliza, "Na Yohana alijua?" Nikasema nadhani alijua. Akatikisa kichwa, sijui kwangu au kwa ndugu yake. Kisha akachukua kitambaa kikavu begani kwake, akanitupia.

"Futa hizo," akasema, akionyesha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Sijui kama ule ni msamaha, na sikuuliza. Nilifuta mpaka zikaisha.